Doa Jekundu kwenye Kadi

Mkokoteni ulikuwa umeshapakiwa nusu: masanduku ya vipuri, meza, viti viwili, feni. Fundi mwenyewe alikuwa juu ya ngazi aking'oa kibao cha kibanda chake, pale mwanamke mwenye gauni la bluu alipopenya kwenye msongamano wa soko la elektroniki, amekumbatia kompyuta kama mtoto mwenye homa.

"Umefunga?"

"Nahama, dada. Vitu vinatangulia kwa lori, mimi nafuata Ijumaa kwa basi la saa saba."

"Basi shuka kwanza. Kuna mgonjwa."

Fundi akacheka, akashuka. Alikuwa mrefu, mikono ya shati imekunjwa, bisibisi imechomekwa nyuma ya sikio kama kalamu. Alipoiwasha ile mashine, skrini ilijaa mistari ya zambarau, ikatetemeka, ikazima.

"Kadi ya picha. Ndiyo inayochora kila unachokiona hapa. Imekufa."

"Usiseme imekufa. Sema imezimia."

"Haya, imezimia. Ila haiamki."

Mwanamke akanywea, akamweleza. Alikuwa mchoraji wa ramani za majengo. Ofisi moja ya ujenzi ilimpa zahanati aichore kwa majaribio, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Akiiwasilisha, anaajiriwa. Asipoiwasilisha, anarudi kwa kaka yake, kwenye stoo alikolala miaka mitatu kati ya magunia, akiulizwa kila asubuhi ataondoka lini.

Akatoa noti alizokuwa nazo. Hazikufika hata theluthi ya bei ya kadi mpya.

"Tutatafuta iliyotumika," fundi alisema. "Tena tusikimbilie kubwa, pawa saplai yako, hiki kisanduku kinacholeta umeme, ni ndogo, itazidiwa. Tunataka kadi isiyodai waya wake wa umeme."

Akafungua kasha, akaguna. Kila kipande ndani kilikuwa na doa jekundu. "Mashine ina tetekuwanga?"

"Rangi ya kucha. Fundi wa mwisho aliniibia memori akaniwekea mbovu. Sasa natia alama. Usijisikie vibaya, simwamini mtu yeyote."

"Sijisikii vibaya. Naogopa tu nisije nikapakwa na mimi."

Wakazunguka vibandani, fundi akinusa kadi moja moja. "Hii imefanyishwa kazi mpaka imeungua. Nusa." Waliyoitaka waliipata jirani tu, kwa Mama Nyaya, muuza waya mwenye sauti ya tarumbeta. Wakaijaribu mpaka soko likafungwa, wamekaa wawili kwenye sanduku moja kwa sababu viti vilikuwa vimeshaondoka. Mchoraji akaipaka doa lake, akaenda zake.

Jumanne simu iliita.

"Mgonjwa ameamkaje?"

"Anakohoa kidogo."

"Na muuguzi wake?"

"Muuguzi amesahau kula."

"Kula, mpenzi."

Mchoraji akaacha kuchora.

"Umesema nini?"

"Nimesema kula."

"Baada ya hapo."

"Mtandao mbovu, sikusikii!"

Jumatano mistari ya zambarau ilirudi. Mchoraji aliibeba mashine mpaka sokoni. Fundi aliitazama kwa muda mrefu. "Niachie mpaka kesho asubuhi."

Alhamisi alimrudishia, lakini hakumtazama usoni. Nyumbani mashine ikaruka kama iliyozaliwa jana, na hilo ndilo lililomtia hofu. Akaizima, akafungua kasha, akamulika kwa tochi ya simu, mbele na nyuma. Kadi haikuwa na doa.

Akapiga. "Doa liko wapi?"

"Doa gani?"

"Usinichezee. Umebadilisha kadi yangu."

"Inafanya kazi?"

"Sijakuuliza hilo! Umebadilisha, hukubadilisha?"

"Nimebadilisha."

Akakata. Simu iliita mara nne, hakupokea.

Siku ile alichora mkono mmoja ukiwa juu ya kasha, akipima joto, maana kadi asiyoijua ingeweza kuizidi pawa saplai na kuwaka moto. Mlangoni aliweka ndoo ya mchanga, na kila robo saa alinakili kazi kwenye flashi. Feni ikibadili sauti kidogo tu, aliinua miguu kutoka sakafuni. Ijumaa hivyohivyo. Saa sita kasoro dakika ishirini alikabidhi ramani. Kisha akaenda moja kwa moja sokoni kumtukana mtu.

Kibanda kilikuwa kitupu.

"Unatafuta hii?" Mama Nyaya akatoa kadi chini ya meza. Doa jekundu lilikuwa palepale. "Imekufa kabisa, mwanangu. Alihangaika nayo, ikamshinda. Hela ya mpya huna, na hata ningekurudishia zako, kadi nyingine ya kukuuzia sina. Akang'oa ya mashine yake."

"Yake ipi?"

"Kwani anazo mbili? Huko aendako, studio ya katuni, wamemwambia afike na mashine yake. Sasa anakwenda na kasha lisilo na macho. Nilimwambia, mweleze dada wa watu. Akasema ukijua hutapokea."

Mchoraji alikimbia mpaka stendi na viatu mkononi. Basi lilikuwa linanguruma, fundi mguu mmoja kwenye ngazi.

"Shuka kwanza!"

Akageuka. "Kuna mgonjwa?"

"Wewe! Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Ulinifanyia kitu kilekile ninachokiogopa, tena kwa wema, nikabaki sijui nikuchukie vipi."

"Nilikosea," fundi alisema taratibu. "Niliogopa. Ukirudi kwa kaka yako, nitakuona wapi?"

"Nitakutumia kadi yako leo hii."

"Wakitaka marekebisho Jumatatu utachorea nini? Baki nayo, mpenzi."

"Mtandao mbovu?"

"Leo unasikika vizuri."

Kondakta akagonga bati. Mchoraji akafukua pochi, akatoa kichupa cha rangi, akamshika fundi mkono, akampaka doa kwenye ukucha wa kidole gumba. "Sasa wakikubadilisha huko, nitajua."

Ramani ilikubaliwa baada ya marekebisho mawili. Mchoraji aliajiriwa, kaka yake aliijaza stoo magunia zaidi. Studio ilimweka fundi kusafisha feni miezi miwili kwa sababu alifika na mashine isiyoonyesha picha, kisha ikampa meza. Mama Nyaya aliuza feni ya ile kadi iliyokufa, iliyobaki akaitundika kibandani. Kadi ya fundi ilidumu mwaka mmoja na miezi minne. Walinunua nyingine pamoja, iliyotumika vilevile, maana walikuwa wameshaoana na nyumba ilikuwa moja. Doa la kwenye gumba liliisha kwa kukatwa kucha. Fundi hulipaka upya mwenyewe kila mwezi, na hupaka vibaya.