142857 Mara Saba

"Mzigo usitoke bila namba."

Sauti ya mkuu wake wa Usumbura ilikwaruza ndani ya redio ndogo ya mawasiliano, chini ya kitunga cha ndagala, dagaa wa ziwani.

"Na Lukeba?" Chausiku aliuliza.

"Hajaonekana tangu apite Gitaza."

Redio ikanyamaza.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 29 Juni 1962. Jumapili bendera ya uhuru ingepandishwa Rumonge, na binti yake Mwamini, wa miaka saba, angeimba mstari wa mbele. Juzi, chini ya jukwaa la uwanja huohuo, Chausiku alifukua vilipuzi kumi na viwili vya watu wa ng'ambo wasioutaka uhuru. Sasa vilikuwa hapa ufukweni, ndani ya kopo la maziwa ya Nido, kati ya ndagala alizozianika. Lukeba ndiye aliyepangwa kuvichukua.

Injini ya Johnson ikanguruma. Boti ikagusa mchanga.

Aliyeshuka hakuwa Lukeba.

"Amahoro, mama. Mimi Modeste. Lukeba iko mugonjwa, amenituma mimi."

"Pole yake. Namba?"

Namba hiyo aliijulia kwenye masomo ya jioni: laki moja na elfu arobaini na mbili, mia nane hamsini na saba. Mwalimu Généreuse aliiandika ubaoni, akaizidisha kwa mbili, kwa tatu, hadi sita. Kila mara zilirudi tarakimu zilezile, zimeshikana mikono kama watoto mchezoni, ila anayeanza ni mwingine. Yeye na Lukeba wakaifanya neno lao la siri. Unaizidisha kwa siku ya juma, unataja jibu.

Modeste akatabasamu.

"Saba, moja, nne, mbili, nane, tano."

Tarakimu zilezile. Zimezunguka vizuri kabisa.

Mara tano.

Chausiku akakiinamia kitunga, jua la adhuhuri likimchoma mgongoni.

"Umejibu kama mwanafunzi mwema, baba. Ngoja nikutolee."

Mkono ukazama kwenye ndagala. Ukatoka na bastola ya Browning.

"Piga magoti."

Asmani, aliyekuwa akishona wavu hatua kumi kutoka pale, akainuka na kamba. Alikuwa mtu wa Chausiku tangu mwanzo.

"Namba ni sahihi," Modeste alisema, magoti mchangani. "Leo siku ya tano. Lundi, mardi…"

"Hiyo hesabu ya Kifaransa, ya ofisini kwenu. Sisi tunaanza Jumamosi. Mosi. Ijumaa ni ya saba."

"Na mara saba?"

"Hapo mchezo unaisha. Hakuna anayezunguka tena. Zote zinakuwa tisa. Tisa sita mfululizo."

Modeste akameza mate. "Lukeba alisema zidisha kwa siku. Basi."

"Hukumwuliza mnahesabu kutoka wapi."

Hakumwuliza. Na Lukeba, kwa yote waliyomfanyia, hakusema.

"Yuko wapi?"

Modeste alitazama ziwa. Kwenye mkono wake ilimeta saa ya Omega ya Lukeba, kioo kimepasuka.

Asmani akamfunga. Chausiku akaivua saa ile taratibu, akaitia ndani ya kanga, akabeba kopo lake.

"Usumbura," aliiambia redio. "Mzigo upo. Mtu mmoja mkononi." "Lukeba mtafuteni majini."

Akapanda njia ya shuleni bila kugeuka.

Mwamini alimkimbilia langoni. "Mama, bendera imebakiza siku ngapi?"

Chausiku alikishika kidole chake kimoja kidogo, kisha kingine.

"Kesho mosi," alisema. "Keshokutwa pili. Haya, niimbie."