Chupa ya Bi Habiba

Bi Habiba alifika kituoni Bagamoyo asubuhi ya Jumatatu kuripoti wizi wa dawa, na dawa yenyewe kaishika mkononi, chupa imejaa hadi shingoni.

Konstebo wa zamu alicheka. Akamwambia kitu kilichoibwa hakiwezi kuwa mkononi mwa mwenyewe. Bi Habiba aliuliza kama kuna mkubwa wake, mwenye masikio.

Inspekta Kibibi Sadallah alitoka ofisini, akamwamkia, akamkalisha. Kisukari kilikuwa kimemla bibi huyu macho. Uso wa mtu aliuona kama moshi. Maisha yake yote alishona kofia za viua, na sasa tundu la sindano alilitafuta kwa ncha ya ulimi.

"Vidonge vyangu vya kliniki vilikuwa vinanuka," alisema. "Nikicheua, utadhani nimemeza njiti za kiberiti. Wenzangu kwenye benchi wananikimbia, tunacheka. Tangu mwezi wa tatu havinuki. Nimemwambia muuguzi, kanijibu pua yangu imezeeka."

"Muuguzi gani, bibi?"

"Abdullatif. Kijana mwema yule."

Kliniki hiyo ya macho ilikuwa Dunda. Daktari Lulu, msimamizi wa utafiti wa dawa uliokuwa ukifanyika hapo, alieleza bila mbwembwe. Sukari ikikaa juu muda mrefu huzalisha kemikali zinazokula mishipa midogo ya retina, utando wa nyuma ya jicho, kama kutu inavyokula bati. Vidonge vilikuwa vya kujaribu kuizuia kutu hiyo. Wagonjwa walikuwa sitini. Nusu walipewa dawa, nusu wanga mtupu, na siri ya nani anameza nini ilifungiwa ndani ya sefu. Wote waliendelea na matibabu yao ya kawaida.

"Na dawa inasaidia?" Kibibi aliuliza.

"Hatujui. Ndicho tulichokuwa tunakitafuta."

Kibibi aliipeleka chupa maabara, na majibu yalirudi baada ya siku tisa. Vidonge vya Bi Habiba vilikuwa wanga. Daktari alifungua bahasha ya siri: Bi Habiba alitakiwa kupewa dawa.

Mtaalamu wa alama za vidole aliibandua lebo ya chupa ile. Kwenye gundi, chini ya lebo, palikuwa na alama ya dole gumba la Abdullatif. Mgawa dawa hugusa chupa kila siku. Chini ya lebo hana kazi.

Kibibi aliipitia orodha ya waliopewa wanga. Jina la tatu lilikuwa Mwanvita Mikidadi. Ndugu wa karibu: Abdullatif, mwanawe.

Alimhoji mchana huohuo.

"Lebo uliibandua lini?"

"Sijabandua lebo."

"Dole gumba lako limefikaje chini yake?"

Abdullatif alitazama dole gumba lake.

"Nakuuliza mara ya pili."

"Mwezi wa tatu. Na kila mwezi baada ya hapo."

"Ulijuaje kuwa chupa ya Bi Habiba ndiyo yenye dawa?"

"Alijitangaza mwenyewe kwenye benchi, anatania kucheua kwake. Vya mama havikuwa na harufu yoyote."

"Ukampokonya kipofu."

"Hakuwa kipofu, Afande. Alikuwa anaona kidogo." Alisikia mwenyewe alichokisema, akainamisha kichwa. "Hata mama alikuwa anaona kidogo."

Mengine aliyatoa taratibu. Mama yake alisomesha wanawake Kurani kwa miaka thelathini. Herufi zilipoanza kumpotea, aliendelea kufungua msahafu na kusoma kwa moyo, ili wasijue. Mwanawe alijua. Hakuweza kukaa akitazama.

La mwisho lilimtoka kwa shida. Mwezi wa nne mama alikuwa na miadi Dar es Salaam, ya kutibiwa macho kwa mionzi. Aliiogopa. "Nikamwambia dawa anayo sasa, asihangaike. Mwezi wa sita macho yalivuja damu ndani, yote mawili." Alifuta uso kwa kiganja. "Mionzi ndiyo ingemsaidia. Nimeyasomea haya, Afande. Nimeyasomea." Akaomba mama yake asiambiwe.

Kibibi hakumwahidi.

Bi Mwanvita alikuwa kwenye ukumbi wa kituo akimsubiri mwanawe, kwenye kiti cha mbao, buibui limenyooka. Aligeukia sauti ya viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kashaandika maelezo yake?"

"Ameandika."

"Nisomee."

Kibibi alimwambia hairuhusiwi.

"Basi nikusomee mimi. Alichukua vidonge vya Habiba akanipa. Nilijua mwezi uleule. Kila tukienda kliniki namkuta Habiba, namuuliza macho yanaendeleaje, ananiambia yanazidi kufifia. Nanyamaza. Na hiyo mionzi niliikimbia mwenyewe. Mwanangu alinipa kisingizio tu."

Kibibi alikaa kando yake.

"Andika na langu," Bi Mwanvita alisema. "Halafu unishike mkono unipeleke kwa Habiba, asije akasikia kwa watu."