Blenda Iliyokula Hewa

Njoo, kaa hapa karibu nami. Nikupe habari za Mishi wa Muheza.

Mishi ana miaka sita. Meno yake mawili ya mbele yameng'oka. Ana mama mmoja, na mama huyo amechoka.

Mama anauza vitumbua. Vitumbua vya moto, vyenye iliki, vya duara kama uso wa Kassimu.

Kassimu ni mdogo wake Mishi. Anaishi mgongoni kwa mama. Haki ya Mungu, ni nadra kushuka!

Kila asubuhi watu wanakuja. "Mama Mishi, nipe viwili!" "Mama Mishi, niwekee vinne, nina wageni!"

Wanakula. Wanalamba vidole. Wanakwenda zao.

Hawajui kitumbua kinatoka wapi. Kitumbua kinatoka kwenye kinu.

Mama analoweka mchele asubuhi. Mchele unakaa kwenye maji, unakaa, unakaa, mpaka unalainika.

Alasiri mama anaumwaga kinuni. Anamfunga Kassimu vizuri kwa kanga. Anashika mchi.

*Twa! Twa! Twa!*
*Kinu kinaita, mikono imechoka.*

Mishi anashika chekeche. Cheke-cheke-cheke! Unga laini unashuka chini kama ukungu.

Chenga zinabaki juu. Na chenga hazifai. Chenga zinarudi kinuni.

*Twa! Twa! Twa!*
*Kinu kinaita, mikono imechoka.*

Jioni mama anashika kikombe cha chai. Mkono unatetemeka. Chai inaruka, inamwagika kwenye mkeka.

"Mama, mkono wako unacheza ngoma?"

"Unacheza, mwanangu. Na hakuna aliyeualika."

Mishi anacheka. Mama anacheka pia, kidogo. Hata kucheka kunachosha.

Sasa sikia. Asubuhi moja mama alikuwa anakaanga. Mafuta yalikuwa ya moto, yanachemka, yanasema *chwi-chwi-chwi*.

Mkono wa mama ukatetemeka. Kitumbua kikamponyoka. *Chwaa!*

Mafuta yakaruka huku na huku. Hayakumpata mama. Hayakumpata Kassimu. Hayakumpata Mishi.

Lakini mama alirudi nyuma, akakaa chini, akamshika Mishi kichwa, akamshika mikono, akamshika miguu. "Umeungua? Hujaungua? Niambie kweli, umeungua?"

"Sijaungua, mama."

Mama aliogopa. Mishi alimwona. Na Mishi naye akaogopa.

Jirani yao, Bi Tatu, alisikia. Akaja na kandambili zake, *pa! pa! pa!*

"Mama Mishi, nunua blenda! Wenzako siku hizi wanasagia blenda. Wewe na kinu hicho utaota misuli kama bondia!"

"Blenda ni ghali, Bi Tatu. Na ikiungua je? Na jagi likipasuka je? Na umeme ukikatika je, na mchele nimeshaloweka, na wateja wanangoja, na huyu analia, halafu je?"

"Halafu pumua kwanza," akasema Bi Tatu.

Mama akapumua. *Hhhh.*

Basi wakaenda dukani. Mama mbele, Kassimu mgongoni, Mishi nyuma ameshika pindo la kanga.

Dukani kulikuwa na Mjomba Hemedi, mwenye duka. Ana kitambi, na ana kalamu nyuma ya sikio.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, dada. Blenda? Ninazo!"

Akaweka moja mezani. Ilikuwa ya plastiki, nyepesi kama sahani tupu. "Hii ni bei ya watu."

Akaweka nyingine. *Du!* Meza ikatikisika. Hii ilikuwa na jagi la kioo, zito, linang'aa. "Na hii ndiyo blenda yenyewe."

Akataja bei.

Mama akamshika Kassimu kwa nguvu, kana kwamba bei ile itamchukua.

"Usiogope, dada. Tunajaribu hapa hapa." Mjomba Hemedi akachomeka waya ukutani. *Vruuuuu!* Akachomeka na ile ya plastiki. *Vriiiii!*

"Umeona? Zote nzima. Nikufungie ipi?"

Ndivyo wanavyojaribu madukani. Wanawasha, inalia, wanazima, unalipa. Ukishatoka nayo mlangoni, basi, ni yako na shida zake.

Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, kama watu wote. Lakini Mishi alisogea. Akachungulia ndani ya jagi.

"Mjomba, imekula nini?"

"Nani?"

"Blenda. Umesema nzima. Imekula nini?"

"Haijala kitu, mwanangu. Imezunguka tu."

"Imekula hewa," akasema Mishi. "Hata mimi nikitafuna hewa, natafuna haraka. Na sina meno mawili!"

Mjomba Hemedi akacheka mpaka kalamu ikaanguka.

Mishi hakucheka. Bado alikuwa na swali.

"Mjomba, unauza na mikono?"

"Mikono gani tena?"

"Ya mama. Yake imechoka. Inatetemeka kwenye mafuta."

Mjomba Hemedi aliokota kalamu yake pole pole. "Hiyo siuzi, mwanangu," akasema. "Hiyo hakuna anayeuza."

Mama akaona haya. "Mishi! Twende nyumbani."

Njiani mama hakuacha kusema. "Ni ghali. Tungenunua ile nyepesi. Lakini ikiungua je? Tungenunua ile nzito. Lakini jagi likipasuka je? Au tuache tu. Tuache."

Wakafika. Mchele ulikuwa unangoja kwenye maji.

*Twa! Twa! Twa!*
*Kinu kinaita, mikono imechoka.*

Mishi alichekecha. Alifikiri, akachekecha, akafikiri tena.

Siku ya pili, mama alipoloweka mchele, Mishi akaleta kopo lenye mfuniko. "Mama, ukilainika, tuchote kidogo. Twende nao dukani. Tuilishe blenda mchele wetu."

"Watatucheka, Mishi."

"Wakicheka, tutangoja wamalize."

Mama akamtazama. Akatazama mafuta. Akatazama mkono wake.

"Haya," akasema. "Nipe kanga yangu."

Mchele ulipolainika, wakaenda. Mjomba Hemedi alipoona kopo, akakunja uso. "Dada, hapa ni duka. Si jikoni. Hata matajiri wanajaribu bila chakula."

Mama akatazama chini. Akageuka, atoke.

Lakini mkono wake ukatetemeka. Na mfuniko wa kopo ukalia, wenyewe, *ke-ke-ke-ke-ke*.

Mjomba Hemedi aliusikia. Kila mtu dukani aliusikia.

Mama alisimama pale mlangoni. Halafu maneno yakamtoka yote kwa pamoja.

"Kaka, mimi natwanga kila siku na mtoto mgongoni, na mikono hii ndiyo inayokaanga, na mafuta ni ya moto, na watoto wangu wanakaa pale pale karibu, na hela niliyonayo ni ya vitumbua vya Ramadhani, na nikiitoa nikakosea, sina nyingine. Sina. Kwa hiyo naogopa. Naomba tuilishe blenda mchele wetu."

Mama hakuwahi kusema hivyo kwa mwenye duka yeyote.

Mjomba Hemedi akakohoa. Akakuna kichwa kwa kalamu.

"Na jagi likichafuka, ataosha nani?"

"Mimi!" akasema Mishi.

"Haya. Lete mchele."

Kwanza wakailisha ile ya plastiki. Mchele kidogo, maji kidogo.

*Vri… grr… grr… ngwi.*

Blenda ikatetemeka. Ikasimama. Moshi mwembamba ukatoka chini yake.

Mishi akanusa. "Inanuka kandambili iliyoungua."

Mjomba Hemedi akachomoa waya haraka haraka. "Hii… hii labda ina homa."

Mishi akatia kidole. Chenga! Chenga tupu!

Halafu wakailisha ile nzito. Mchele kidogo, maji kidogo.

*Vruuuuuuuuu!*

Kassimu akafumbua macho. Akafikiria kulia. Akaacha.

Mjomba akazima. Kimya.

Mama akatia kidole. Akasugua kwa dole gumba. Akasugua tena. Mishi naye akatia chake.

"Kuna chenga, mama?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja, Mishi. Laini kama shavu la Kassimu."

Lakini woga hauondoki upesi hivyo. Mama akashusha pumzi. "Na ikiungua je?"

"Hii ina mwaka mzima wa dhamana," akasema Mjomba Hemedi. "Ikiungua kabla ya mwaka kwisha, ilete. Mimi nipo hapa hapa, kitambi hiki kitakwenda wapi?"

"Na jagi likipasuka je?"

"Sitakimbia nalo," akasema Mishi. "Nitalishika nikiwa nimekaa."

"Na umeme ukikatika je?"

Hapo Mjomba Hemedi akarudisha kalamu nyuma ya sikio. Akamtazama Mishi.

Mishi akafikiri. Alifikiri mpaka ulimi ukatokeza kwenye pengo la meno.

"Umeme ukikatika, tutatwanga. Kinu chetu kipo. Tutatwanga siku hiyo. Si kila siku."

"Si kila siku," akasema mama, pole pole, kama anaonja chumvi.

"Si kila siku, mama."

Mama akafungua fundo la kanga. Akatoa hela ya Ramadhani. Hela yote ya vitumbua vya futari.

Akaishika kwanza. Halafu akaitoa, taratibu, kama mtu anayeng'oa jino.

Mishi akaosha jagi. Aliliosha akiwa amekaa.

Wakarudi nyumbani. Mama amebeba boksi kichwani, Kassimu mgongoni. Mishi mbele, anafukuza kuku njiani. "Pisha! Pisha! Kuna kioo!"

Mchele wote wakautia kwenye blenda, kidogo kidogo.

*Vruuuuu! Vruuuuu!*

Ukaisha. Adhana ya alasiri ilikuwa bado.

Mama akatia tui. Akatia sukari, hamira na iliki. Akafunika sufuria, unga uumuke.

Kisha akasimama katikati ya ua. Mikono yake ilining'inia. Hakujua aifanyie nini.

"Sasa?" akauliza mama.

"Sasa hakuna," akasema Mishi.

"Hakuna kuchekecha?"

"Hakuna chenga, mama. Kaa."

Mama akatandika mkeka kivulini. Akamfungua Kassimu, akamlaza. Akajiegemeza kidogo tu, kidogo tu, aone kama Kassimu amelala.

Kassimu alikuwa amelala. Na mama naye akalala.

Sasa ikafika saa ya kutwanga. Majirani wote wanaijua saa ile. Kila siku wanasikia twa, twa, twa.

Leo kimya.

Bi Tatu akainua kichwa nyumbani kwake. Akasikiliza. Kimya!

Akaja mbio. *Pa! pa! pa! pa!* "Hodi! Mama Mishi! Mbona kinu hakisikiki? Nani mgonjwa? Kuna nini humu?"

"Shhh!" Mishi akaweka kidole mdomoni. "Mama amelala."

"Saa hizi? Jua lote hili? Anaumwa?"

"Haumwi, Bi Tatu. Amelala tu."

Bi Tatu akachungulia. Akamwona mama Mishi kwenye mkeka, mdomo wazi, kanga imemteleza.

Akatazama kidogo. Akatikisa kichwa.

Akainama, akavua kandambili zake. Akashika moja huku, nyingine huku. Akaondoka peku, kwa ncha za vidole.

Nje alikuwa anapita muuza mkaa na baiskeli yake. Akafungua kinywa. "Mkaaaa—"

Bi Tatu akamwinulia kandambili. "Shhh! Mama Mishi amelala!"

Mishi akajilaza karibu na mama. Mkono wa mama ulikuwa umefunguka juu ya mkeka.

Mishi akautazama. Alingoja utetemeke. Akangoja, akangoja.

Haukutetemeka. Ulikuwa umetulia, na ulikuwa na joto, na ulinukia iliki.

Mishi akaweka shavu lake pale kwenye kiganja. Akafumba macho.

Na kule nje muuza mkaa akasukuma baiskeli yake taratibu, akasema kwa sauti ndogo kabisa, kama mtu anayesema siri:

"Mkaa… mkaa… mkaa…"

Haya, na wewe fumba macho. Anayetaka mkaa atanunua kesho.