Kiti cha Marehemu Hollis

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na kila kiti katika jukwaa lile kilikuwa kimelowa chapachapa, isipokuwa kimoja. Wendell Ledbetter alikipapasa kwa kiganja. Kikavu. Tena kilikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi kwenda kununua soda.

Kilikuwa kiti cha baba yake, mzee Hollis, aliyezikwa mwezi wa Aprili akiwa na jezi nyekundu ya Chuo Kikuu cha Braxley mwilini. Akina Ledbetter walisoma Braxley tangu enzi za babu zao, wakapata wachumba Braxley, na kila Jumamosi ya msimu wa mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mikononi, walikaa viti vilevile vitatu. Baada ya mazishi, Wendell aliweka kofia ya marehemu juu ya kiti chake, akatangaza kwamba hakuna atakayekikalia tena.

"Labda kimepigwa na jua," alisema Royce, jirani yake wa kulia kwa miaka mingi.

"Jua gani, Royce? Hebu tazama juu."

Royce akacheka, akamsogezea mfuko wa karanga za kuchemsha.

Kiti cha tatu nacho kilikuwa kitupu siku hiyo. Kilikuwa cha Laurel, binti wa pekee wa Wendell. Wiki ileile, mezani, Laurel alikuwa amesema kwamba amekubaliwa kusomea uuguzi, na kwamba chuo chenyewe ni Tillery. Tillery! Wale wa manjano, ambao jina lao halikutajwa nyumbani mwa Hollis ila kwa matusi. Wendell alisukuma sahani, akaondoka, na tangu hapo hakumsemesha mtoto.

Mechi ilipokaribia kuisha, Braxley walikuwa nyuma na mpira ulikuwa mikononi mwa wageni. Wendell akafumba macho, akanong'ona kama wanong'onavyo mashabiki wote duniani, "Nitatoa chochote. Chochote, tushinde hii tu."

"Chochote?"

Sauti ilitoka kushoto. Nzito, yenye mate, kama ya mtu mwenye tumbaku shavuni.

"Chochote," akajibu kabla hajafumbua macho.

Alipogeuka, hapakuwa na mtu, kofia tu. Na kule uwanjani mpira ulimponyoka mchezaji wa wageni bila kuguswa na yeyote, kijana wa Braxley akauokota, akakimbia nao peke yake hadi mwisho. Jukwaa zima likalipuka. Royce alimkumbatia Wendell hadi karanga zikamwagika.

Nyumbani alimkuta Laurel jikoni na bibi yake, Verna, mjane wa Hollis. Sauti ya mtoto ilikuwa imekauka.

"Mafua," alisema Verna.

Jumamosi iliyofuata Braxley walishinda tena, kwa namna ileile isiyoeleweka, na Laurel akabaki hana sauti kabisa ila mnong'ono. Wakashinda tena, akashindwa kula. Wakashinda tena, miguu ikakataa kumbeba. Madaktari walimpima damu, wakampiga picha kifua na kichwa, wakasema hawaoni kitu. Mji mzima ulikuwa unacheza barabarani, bendera nyekundu kila mlango, na katika chumba cha msichana yule, mchana kweupe, madirisha yakiwa wazi, kulinuka tumbaku iliyotafunwa na udongo mbichi.

Wendell alipiga magoti kando ya kitanda. Hapo ndipo aliposema naye kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mezani.

"Laurel, mwanangu, unaumwa wapi?"

Ilibidi ainame kabisa ndipo asikie.

"Baba, kuna mtu anakuja kukaa hapa, miguuni pangu. Kila mkiwa na mechi. Anakaa kama anaangalia mpira. Anapiga visigino sakafuni. Halafu mkishinda ananigeukia."

"Ana sura ya babu?"

"Amevaa sura ya babu," alinong'ona Laurel. "Haimkai vizuri."

Verna alimvuta mwanawe hadi ukumbini, akafunga mlango.

"Huyo si baba yako," alisema kwa sauti ya chini. "Nimelala ubavuni mwa Hollis miaka hamsini. Angeweza kumnunia huyu mtoto mwaka mzima, lakini asingemgusa hata unywele. Hiki ni kitu kingine. Kimekuta kiti kitupu kimeandaliwa, kimekuta na mtu anaahidi. Kikakaa."

"Mama, nifanye nini?"

"Kikatae. Si kwa mdomo. Siku kitakapokuletea ushindi mkononi, uukatae moyoni."

"Mechi iliyobaki ni ya Tillery."

"Najua ni ya nani, Wendell. Nakuuliza una mtoto au una timu."

Alikwenda. Alikaa pale pale, kofia kushoto, Royce kulia, na hadi dakika ya mwisho kabisa Tillery waliongoza kwa pointi moja, ikabaki Braxley kupiga mkwaju mmoja wa kupitisha mpira kati ya nguzo, ambao ungewapa ushindi, na mpigaji alipokuwa akipima hatua zake, Wendell alisikia visigino vikidunda kando yake, taratibu kwanza, kisha upesi, harufu ya udongo ikamjaa puani, pumzi ya joto ikamgusa sikio, na ile sauti yenye mate ikasema, "Unaitaka, unaitaka, najua unaitaka," naye akajua kwamba kweli anaitaka, anaitaka kwa mifupa yake yote, akaung'ata ulimi hadi damu, akamwaza Laurel akiwa mdogo mabegani mwake, akasema ndani kwa ndani, tukose, tukose, Mungu wangu, tukose.

Mpira ukapaa. Ukagonga nguzo. Ukarudi uwanjani.

Maelfu ya watu wakanyamaza kama wamezibwa midomo. Kushoto kwake joto likakatika ghafla, kiti kikawa baridi kama chuma kingine chochote. Simu yake ikalia.

"Amesema!" Verna alikuwa analia. "Ameomba maji, Wendell, kwa sauti yake mwenyewe! Ameinuka amekaa!"

Wendell akajiinamia, simu sikioni, machozi yakimtiririka. Alijaribu kujua ni ya nini, akashindwa kuyatenganisha.

Royce, macho mekundu, alimwekea mkono begani.

"Usilie, kaka. Mwakani tutawapiga. Kwa vyovyote vile."

"Mwakani," aliitikia Wendell. "Kwa vyovyote vile."

Kwenye simu kilio cha mama yake kikakoma.

"Wendell," aliuliza Verna polepole, "hayo umemwahidi nani?"