Hodi Mbele ya Moto

Chanfi alikuwa mchukuzi wa bandarini Mutsamudu. Pia aliongoza wazimamoto wa kujitolea wa mtaa wake. Kila asubuhi alimchemshia mama yake chai ndipo akaenda kazini. Mama huyo, Bi Zahiya, alikuwa amepooza miguu. Mchana kutwa alibaki peke yake ghorofani, na jambo hilo lilimnyima Chanfi raha.

Wakati huo kisiwa chao cha Nzuani kilikuwa kimejitenga na serikali kuu iliyoko Moroni. Kikawekewa vikwazo, petroli ikaadimika, na kila aliyepata dumu alilificha jikoni. Jikoni, jamani! Wazimamoto nao walikuwa ishirini, wakabaki wanne. Wengine walivuka bahari kwenda kisiwa cha Maore, wengine walilinda vizuizi barabarani.

Adhuhuri moja moto ulizuka kwa jirani, Moina. Chanfi na wenzake walifika mbio na ndoo zao. Wakasimama mlangoni, wakapiga hodi. Ndani mna wanawake, na mwanamume wa nje haingii hivi hivi. Walipokaribishwa, Moina alikuwa ameshaungua mikono. Tena wakaumwagia maji moto wa petroli, ukasambaa. Jiko lote likateketea.

Chanfi aliona aibu sana. Alimlalamikia Faouzia, jirani mwingine, kwamba watu hawatoshi. Faouzia alikuwa akiishi mtaa wa Magoudjou, Moroni, hadi watu wa Nzuani walipofukuzwa huko. Kule alijifunza kuzima moto na wanawake wenzake.

"Kaka Chanfi, wewe unawahesabu walioondoka," alimwambia. "Sisi tuliopo hujatuuliza."

Chanfi aliona ni kweli. Wanawake ndio wanaoshinda mtaani. Wanajua jiko gani lina dumu. Hawangoji mlangoni, maana hupita nyumba hadi nyumba kwa vijidaraja vilivyo juu ya vichochoro.

Alikwenda kwenye chama chao cha ngoma za harusi, akawaomba wajiunge na wazimamoto. Wachukuzi wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Wanawake kumi na sita wakajiandikisha, wakagawana zamu. Walikuwa hodari kwelikweli! Faouzia aliwafundisha kutoa watu kwanza. Moto wa petroli haumwagiwi maji, hufunikwa kwa mchanga. Kila jiko likapata ndoo ya mchanga, na madumu yakahamishiwa kwenye banda la mawe, mbali na meko.

Ni dumu moja tu lililobaki, la Chanfi. Kiongozi nani atamkagua?

Asubuhi moja aliondoka bila kuzima makaa ya chai. Habari zikamfikia bandarini: nyumba yake inaungua. Alikimbia huku akilia. Alipofika, wanawake walikuwa wameshamtoa mama yake kwa kijidaraja na kuuzima moto. Bi Zahiya alikuwa ameketi kwenye mkeka wa Moina, na Moina, kwa mikono yake yenye makovu, akimnywesha maji.

"Umechelewa, mwanangu," mama yake alisema. "Wenzako wamemaliza. Wanauliza dumu walilolitoa jikoni kwetu ni la nani."

"Ni langu," Chanfi alijibu.

Alilibeba mwenyewe hadi bandani, mtaa mzima ukitazama. Kisha akamkabidhi Faouzia daftari la zamu na uongozi wote. Jina lake mwenyewe alikuwa ameliandika humo, kama mzimamoto wa kawaida, chini ya la Moina.