Kiti cha Kumi na Moja, Safu ya Nyuma

Wewe unayecheka pembeni, cheka umalize kabisa, halafu ukae usikilize. Umewahi kukaa gizani na watu mia mbili msiojuana, wote wanatafuna, ukajiuliza kama kila mdomo unaousikia una mwenyewe? Hujawahi. Basi usinifundishe la kuamini na la kuacha. Haya yalitokea mchana kweupe, jua likiwaka nje na watu wakipakia mifuko kwenye magari, na aliyeyaona ni mwanamke mwenye akili zake timamu, aliyechoka hata muda wa kuogopa hakuwa nao.

Alikuwa mpishi wa sinema. Ndiyo, sinema ina mpishi. Kwenye jengo moja la maduka, pembezoni mwa mji, ghorofa ya pili, palikuwa na ukumbi ambao mtu alitazama filamu huku analetewa chakula kitini, kama mgonjwa. Wenzake walimwita Bi Mwiko kwa sababu mbili: mwiko haukumtoka mkononi, na aliyokataza yasifanywe jikoni kwake yalikuwa mengi kuliko sufuria.

Kila kiti kilikuwa na kimeza kidogo na kitufe. Mteja akibonyeza, taa yenye namba ya kiti chake inawaka kwenye ubao wa jikoni. Mhudumu anakwenda ameinama asizibe picha, ananong'ona, anapokea agizo, analeta. Taa haizimiki mpaka sahani itue kwenye kimeza. Hiyo ndiyo kazi yote, na mgongo wa mhudumu ndio ulioilipia.

Miaka ya mwanzo foleni ilifika mlango wa duka la viatu. Wahudumu kumi na wawili, wapishi watano, na aliyetaka kiti cha Jumamosi alianza kukitafuta Jumatano. Kisha ng'ambo ya barabara kuu likajengwa jengo jingine, lenye ngazi za umeme zinazotembea kweli. Kisha watu wakazoea kutazama filamu kwenye simu, wamelala kifudifudi. Duka la viatu likafungwa, muuza miwani akahama, benki ikaja kung'oa mashine yake ukutani ikaacha tundu lililozibwa kwa ubao. Jikoni akabaki Bi Mwiko peke yake, na ukumbini akabaki mhudumu mmoja, bintiye wa mwisho, ambaye tangu utotoni aliitwa Kitinda. Aliyemwingiza kazini ni mama yake mwenyewe, aliyemwendea Meneja mara tatu kumbembeleza.

Siku moja, onyesho la saa tisa alasiri, wateja walikuwa wanne, wote safu za mbele. Ikawaka taa ya kiti cha kumi na moja, safu ya nyuma.

Kitinda akaenda, akarudi, akasema hakuna mtu. Akaitwa fundi wa mitambo, yule wa kuendesha picha, akaja na bisibisi, akafungua, akapuliza vumbi, akasema nyaya nzima, labda panya. Wekeni sahani, akasema, itazimika. Kitinda akapeleka sahani tupu. Taa ikazimika, na kabla hajafika mlangoni ikawaka tena. Mara tatu hivyo hivyo.

Bi Mwiko alikuwa amesimama tangu asubuhi na miguu imejaa kama mikate. Akachukua paja la kuku lililobaki, akatupia chipsi, akausukuma mzigo ule kwenye dirisha la kutolea sahani.

"Mpelekee huyo asiyeonekana," alisema. "Mwambie ale mpaka ashibe, atuache tupumzike."

Alisema kwa mzaha. Lakini Kitinda alifundishwa kazi na watu wakali, na sheria ya kwanza ya mhudumu ni kufikisha neno la jikoni kama lilivyotoka, bila kupunguza wala kuongeza. Akainama gizani, akaitua sahani, akakinong'oneza kiti kitupu: jikoni wanasema ule mpaka ushibe. Taa ikazimika, na safari hii haikuwaka tena. Picha ilipokwisha akairudisha sahani, kavu kama imetoka kabatini, na mfupa haumo. Wakasema ni paka.

Wiki ile wakaja watu ishirini. Iliyofuata themanini. Kufika mwisho wa mwezi Meneja alikuwa anatembea anapiga mluzi, akisema ni filamu mpya alizochagua yeye, na akaitisha watu wa kutengeneza ngazi ya umeme. Watu hao walikula ajabu. Walikula, wakabonyeza, wakala, wakabonyeza. Ubao wa jikoni uliwaka wote kama mti uliovamiwa na vimulimuli, na katikati yake taa ya kumi na moja ndiyo iliyotangulia kuwaka na kuchelewa kuzimika. Sahani hazikurudi na punje. Na walipotoka, Bi Mwiko aliwasikia kupitia dirisha wakiulizana, nyuso zimewashuka, "Sasa tukale wapi?"

Yeye mwenyewe hakuwahi kula pale. Mpishi anashiba harufu. Kwa miaka yote alibeba yai la kuchemsha kutoka nyumbani, akalila amesimama. Kitinda ndiye aliyekula cha jikoni, mchana na jioni, na Kitinda ndiye aliyeanza kutoboa tundu jipya kwenye mkanda wa sare, kisha jingine. Nyumbani alimaliza sufuria akabaki ameishika, akitazama ndani.

Siku moja alirudisha supu dirishani, akanong'ona kama bado yuko ukumbini.

"Anasema chumvi imepungua."

"Nani anasema?"

"Mzee wa nyuma."

Bi Mwiko akaweka mwiko chini. "Mzee gani? Ana sura gani?"

"Sijui, mama. Si mlitufundisha tusimtazame mteja usoni?"

Bi Mwiko akachota ile supu akaionja, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka, maana mkono wake ulijua kipimo. Haikuwa na chumvi. Haikuwa na kitu. Akatia kijiko cha chumvi, akaonja. Cha pili, akaonja. Akatia chumvi tupu mdomoni, ikawa kama mchanga wa kujengea. Na ndipo alipoisikia harufu ambayo amekuwa akiinusa wiki nzima bila kuisikiliza: sufuria inayoungua bila kitu ndani.

Meneja hakutaka maneno ya mashetani kwenye biashara yake, lakini fundi wa mitambo alikataa kupita safu ya nyuma hata kwa kuburutwa. Basi mganga akaletwa asubuhi kwa mlango wa nyuma, na kwenye daftari la wageni akaandikwa "fundi wa mende". Alikuwa mzee mdogo mwenye miwani na mfuko wa nailoni. Akakaa karibu na kile kiti, akafukiza ubani, akaanza kusoma. Hakufika mbali: moshi ulipanda darini, king'ora cha moto kikalia, na mabomba ya dari yakamwaga maji juu ya mganga, Meneja na mazulia. Kila kiti kililowa isipokuwa kimoja.

Mganga akaikamua kofia yake, akauliza kiumbe huyu alikaribishwaje. Kitinda akamweleza, na yale maneno akayarudia kama yalivyotoka jikoni.

"Basi mimi sina kazi hapa," alisema mzee. "Huyu ni jini, lakini si mvamizi. Ni mgeni, na mmemwambia wenyewe aondoke lini. Akishiba. Hawa hawashibi, mama. Anakula ladha na shibe ya kila kinachopikwa humu, na huyu binti anakula mabaki yake."

Bi Mwiko akauliza neno linafutwaje.

"Neno halifutwi. Ila mgeni ni wa mwenye jiko. Mwenye jiko akimuaga na kuondoka, mgeni hana mwenyeji. Umuage kwa heshima, na usirudi tena, hata kama umesahau kiatu."

Meneja alimfuata jikoni, nguo zinachuruzika. Hakugomba, ingekuwa rahisi kama angegomba. Alimkumbusha jinsi walivyokaa wawili kwenye ukumbi mtupu wakisubiri barua ya kufungiwa. Alisema watu wamerudi, Bi Mwiko, wamerudi kweli, na wewe unataka kuwafungia mlango kwa ajili ya kiti kimoja. Nivumilie mpaka mwezi uishe.

Na Bi Mwiko akavumilia. Usimtukane, umri wake ule, nani angempa jiko jingine? Alimkataza Kitinda asile chochote pale, akamletea mayai mawili badala ya moja, akajiambia ni siku tisa tu. Mwenye kuchoka husikia kila ahadi kama kitanda.

Siku ya sita, onyesho la saa tisa, ukumbi umejaa, taa zote zikazimika kwa mpigo. Bi Mwiko alisubiri Kitinda arudi na trei. Hakurudi. Akagonga dirisha. Kimya. Wala hakusikia filamu, ingawa mwanga wake ulikuwa unacheza kwenye ufa wa mlango.

Mpishi haingii ukumbini, hiyo nayo ilikuwa sheria, na yeye ndiye aliyeitunga, kwa sababu aproni nyeupe inaonekana gizani na mteja hapendi kukumbushwa kwamba chakula chake kimetokana na jasho la mtu. Aliingia. Akainama kama alivyowaona wahudumu wakiinama miaka yote, magoti yanalia, mkono mmoja unapapasa migongo ya viti, na kadiri alivyopanda kuelekea nyuma ndivyo alivyoisikia ile sauti, mwanzo akidhani ni mvua, kisha akidhani ni ng'ombe, kisha akaelewa kwamba ni watu wale mia mbili, kila mmoja ametulia na mikono mapajani na sahani tupu mbele yake, wanatafuna, na vinywani mwao hamna kitu, wanatafuna kwa pamoja, taya zinashuka pamoja na kupanda pamoja kama watu wanaopiga makasia, macho kwenye picha isiyo na sauti, na harufu ya sufuria inayoungua ikawa nzito mpaka machozi yakamtoka, na kwenye kiti cha kumi na mbili, safu ya nyuma, akamkuta bintiye ameketi, trei magotini, naye anatafuna, na pembeni yake, kwenye kile kiti ambacho hakuwa na haja ya kukihesabu, kijiko kilikuwa kinakwangua sahani, polepole, bila haraka yoyote, kama cha mtu aliye nyumbani kwake.

Hakukitazama. Alipiga magoti kwenye zulia, akatumia sauti ile ile ya wahudumu.

"Shikamoo, mzee. Mimi ndiye niliyekuita. Nilikuwa nimechoka, sikupima maneno. Leo jiko langu nalifunga, na huyu ni mwanangu, naondoka naye. Kwaheri."

Kijiko kikasimama. Ukumbi mzima ukaacha kutafuna. Kisha kitu kikavuta pumzi karibu na sikio lake, ndefu, ya kunusa, kuanzia kofia ya upishi mpaka mikononi, kama mtu anayenusa sufuria kujua kama kimebaki kitu. Bi Mwiko akangoja imalize. Akamshika Kitinda kwapani, akamwinua. Alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka. Nyuma yao mtu mmoja akakohoa, mwingine akauliza mbona picha haina sauti.

Alimpitisha jikoni, akamkalisha kwenye ngazi ya nje, akampa yai kwa kunyoosha mkono, yeye mwenyewe hajavuka kizingiti, akageuka kuvua aproni. Meneja alikuwa amekwisha kufika, anatazama ubao. Ulikuwa giza wote.

"Umefanya nini?" aliuliza taratibu.

"Nimeaga."

"Watu mia mbili wamekaa humo, Bi Mwiko."

"Warudishie pesa za tiketi waende nyumbani wakale. Usiwape kitu kutoka hapa. Hata maji."

Kutoka nje Kitinda akaita, sauti yake ya zamani, yenye uvivu. "Mama, hili yai nusu inatosha."

Bi Mwiko akasimama na kamba za aproni mkononi. Alikuwa na miezi hajasikia neno hilo. Akaitundika aproni msumarini, akaweka ufunguo mezani. Na hapo taa moja ikawaka kwenye ubao. Hakuhitaji kuisoma namba, wala Meneja.

Meneja aliitazama taa, akautazama mlango wa ukumbi, ambako minong'ono ya watu kuondoka ilikuwa imeanza, mamia ya miguu ikishuka. Alikuwa mtu wa makamo mwenye shati lililolowa jasho, na hakuwa na kazi nyingine duniani. Akaitoa aproni msumarini.

"Iache hiyo," Bi Mwiko alisema.

"Huyu kabaki," alisema Meneja, anajifunga kamba kiunoni. "Mmoja si haba. Tulianza na wanne." Akaokota kipande cha mkate, akakiweka sahanini, akakitengeneza kwa vidole kipendeze.

Angeweza kumnyang'anya sahani. Mikono ilikuwa bado na nguvu hiyo. Lakini nje kulikuwa na mtu anayemngoja, na mzee wa miwani alisema usirudi hata kwa kiatu, na hapa mguu mmoja ulikuwa tayari kizingitini. Meneja akainama dirishani, akalainisha koo, akatoa sauti nzuri ya siku za foleni.

"Karibu sana, mzee. Leo tukuhudumie nini?"

Bi Mwiko akatoka, akafunga mlango.