Pumzi Iliyobaki Kwenye Kabureta

Jua lilikuwa linazama tulipokwenda kwa mjane wa fundi kuchukua kabureta. Safari ya kwenda na kurudi tu. Mwanangu wa mwisho, ambaye mtaa mzima unamwita Spana, alikuwa anaifufua pikipiki ya marehemu baba yake, lile zee lenye silinda mbili na kila silinda na kabureta yake. Zilizokuwemo zilikuwa zimeoza, zinachuruzika petroli kama pua ya mtoto mwenye mafua. Na mkewe alikuwa katika mwezi wake wa kujifungua, tumbo limeshashuka, hospitali iko ng'ambo ya mlima. Pikipiki ikigoma, atajifungulia njiani.

"Nisindikize, mama," Spana aliniambia. "Yule mama ana macho ya kumchungulia mtu mpaka kwenye figo."

Mjane hakutukaribisha ndani. Alizileta kabureta mbili zimeviringishwa kwenye kitambaa, amezishika mbali na mwili wake, kama mtu aliyemnyanyua panya kwa mkia.

"Unazichukua kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu, mama. Tena kwa furaha."

"Basi sikia, mwanangu. Ukizisafisha, tumia pampu. Mdomo wako usiguse hapo."

Spana akacheka. "Mama! Fundi asiyepuliza kwa mdomo ni fundi gani huyo?"

"Na mume wangu alicheka hivyo hivyo."

Akafunga mlango. Tukasikia komeo.

Nyumbani nilimshikia tochi uani, mkwe wangu amekaa kizingitini anajipepea. Spana akafungua kikombe cha chini cha kabureta ya kwanza, pale petroli inapokaa. Safi. Akafungua cha pili...

Harufu ilitangulia. Haikuwa ya petroli. Mimi nimelea watoto, nimeuguza wazee, harufu za mwili nazijua. Hii ilikuwa ya kinywa cha mgonjwa asubuhi, kabla hajasukutua.

Humo ndani mlikuwa na makohozi.

Mazito. Ya kijani, yana nyuzi za damu. Katikati unywele mweupe umejikunja kama mnyoo. Spana akachokonoa kwa bisibisi, ule uteute ukavutika, ukarefuka, ukakataa kukatika. Nikaugusa kwa ncha ya kidole.

Ulikuwa na joto.

"Ni petroli iliyolala siku nyingi tu, mama."

"Petroli haioti mvi, mwanangu."

Mkwe wangu akageuka pembeni, akatapika. Spana akaosha, akafuta, akaosha tena. Kikabaki kitundu kimoja, chembamba kama cha sindano, kimeziba. Pampu ilikuwepo, imeegemea ukuta. Lakini mkono wa fundi umeshazoea njia yake. Kabla sijasema neno, alikuwa amekiwekea mdomo.

Akapuliza. Hakikupita kitu.

Akafyonza...

Nikasikia *mlwp*. Kama mtu aliyemeza konokono bila kutafuna. Macho yakamtoka pima.

"Imeshuka," akanong'ona.

"Nini?"

"Sijui, mama. Imeshuka."

Akasukutua, akatema, akajitia ushujaa. Akafunga kabureta zote mbili mahali pake. Tangi lilikuwa bado chini, kwa hiyo alitundika chupa ya petroli msumarini, mpira ukateremka mpaka kwenye kabureta, kama mafundi wafanyavyo wanapojaribu injini. Akapiga kiki. Likawaka lile zee! Mkwe wangu akapiga kigelegele na tumbo lake lote.

Kigelegele kikamkatikia mdomoni.

Injini ilikohoa. Spana akakohoa. Injini ikapaliwa, Spana akapaliwa. Ikanguruma taratibu... na kifua chake kikapanda na kushuka nayo, sawasawa. Na moshi wake, jamani, ulinuka kinywa.

"Zima, mama..." Spana akaniambia kwa shida.

Nikazungusha ufunguo.

Kimya.

Na Spana naye kimya. Kinywa wazi, shingo imekakamaa, midomo inageuka rangi ya ini. Hakuna pumzi inayoingia. Hakuna inayotoka.

"Mama, washa! Washa!" mkwe wangu akapiga yowe.

Nikaurudisha ufunguo, nikapanda juu ya ile kiki na goti langu hili bovu. Ikagoma. Nikapiga tena na tena, namtukana marehemu mume wangu na pikipiki yake. Ikashika. Spana akavuta hewa kama aliyetolewa kisimani.

Hapo ndipo tulipoitazama chupa.

Petroli ilikuwa imebaki vidole viwili. Na inashuka.

"Nakimbia kutafuta nyingine!"

"Na tumbo hilo? Kaa!"

Nikamtazama mwanangu. Alipokuwa mchanga pua zilimziba kila usiku. Nilikuwa naweka mdomo wangu puani mwake, nafyonza, natema. Wamama wa enzi zetu ndivyo tulivyofanya, wala hatukuona kinyaa.

"Njoo ulale hapa."

Nikamlaza mapajani, na ndevu zake, na grisi yake. Nikaziba kinywa chake kwa kiganja. Nikafunika pua yake kwa midomo yangu.

Nikafyonza.

Kwanza ikaja chumvi. Halafu ladha ya petroli. Halafu chenyewe... kizito, cha moto, kina nywele. Kilikuwa kimejikaza humo ndani. Nikavuta mpaka masikio yakavuma. Kikaachia. Kikajaa kinywani mwangu, kikajinyoosha juu ya ulimi.

Kilikuwa kinatafuta koo langu.

Nikakitemea kwenye beseni la oili chafu. Petroli ikaisha, injini ikajizima yenyewe, na mwanangu akaendelea kupumua. Ndani ya beseni kile kitu kilikuwa kinavimba na kunywea... kinavimba na kunywea. Spana akakifunika kwa sufuria bovu, akaweka tofali juu. Asubuhi tulipofunua palikuwa na oili tu.

Nilizirudisha kabureta mwenyewe. Mjane hakufungua. Aliongea nyuma ya mlango.

"Mume wangu alipewa na fundi mwenzake, wakati ule wanagombea wateja. Nilimkuta ameiweka mdomoni. Anapuliza tu. Anapuliza, havuti. Mpaka akaanguka. Mwanao kilimtoka?"

"Kimemtoka."

"Nani aliyekivuta?"

"Mimi. Nikakitema."

Nilimsikia akirudi nyuma, miguu ikiburuta sakafuni.

"Chote?"

Mjukuu wangu alizaliwa salama, jirani alitupeleka kwa gari lake. Amerithi pua ya baba yake, inaziba kila siku. Juzi mkwe wangu akaniletea. "Mama, mfyonze basi, kama ulivyokuwa unamfanyia baba yake."

Nikabana midomo. Nikamwambia atumie kile kipampu cha mpira cha duka la dawa. Anadhani siku hizi naona kinyaa.

Wacha adhani hivyo. Jioni wenye pikipiki huwashusha watu mbele ya mlango wetu, injini zinanguruma, na kifua changu kinazifuata. Zikikohoa, nakohoa. Halafu mmoja anazungusha ufunguo, anazima.

Nami nashika ukuta, kinywa wazi... nangoja awashe.